Marehemu Asiye na Mtani

Katika mji ule jua lilikuwa limesimama. Halikusimama kwa muujiza wala kwa ghadhabu. Lilisimama jinsi punda anavyosimama njiani, bila kutoa sababu, na watu walipochoka kulisukuma kwa macho wakalizoea. Alasiri ikawa ndiyo maisha. Watu walilala alasiri, wakaamka alasiri, wakaoana alasiri, na mtu akimwambia mwenzake "tutaonana kesho" ilikuwa ni adabu tu ya kuagana, maana kesho hakuna aliyewahi kuiona tena. Vivuli vililala upande mmoja wa nyumba, virefu, visivyosogea, mpaka kuta za upande ule zikaota kuvu, na hakuna aliyejisumbua kuzikwangua.

Na katika kila mlango wa mji ule palikuwa na mtu ameketi.

Tusizunguke mbuyu: hao walikuwa wafu. Walikuwa wamekufa vizuri tu, kama wanavyokufa watu, wakaoshwa, wakavishwa sanda, wakalazwa kwenye jeneza. Lakini jeneza lilipotaka kubebwa, vijana wenye shingo nene waliinama, mishipa ikawatoka, na jeneza halikutikisika. Wakaongezwa wengine. Halikutikisika. Mwishoni marehemu mwenyewe, kwa haya ya mgeni anayeona amewasumbua wenyeji, alijifungua sanda taratibu, akajikokota mpaka kwenye mlango wa nyumba yake, akaketi kizingitini. Basi. Hapo ndipo pakawa pake. Waliokuwa wakitoka na kuingia waliruka miguu yake. Mji uliwapa jina la heshima, wageni wa mlangoni, kwa sababu mji ule ulikuwa hodari sana wa kuyapa majina mambo yaliyoushinda.

Mwanzoni wageni hao walizungumza. Walijua watu wao, wakawaita mmoja mmoja. Kisha majina yakaanza kuwadondoka, leo hili, leo ileile lile, na siku jina la mwisho lilipodondoka, mgeni alinyamaza, akakauka, akashikana na mhimili wa mlango hata usijue wapi mti unaishia na mtu anaanzia. Walioishi naye walianza kumtundikia taulo. Aliyefika hapo hakuzikika tena milele.

Baba yake Semeni alikuwa amebakiwa na jina moja.

Jina lake yeye mwenyewe lilikuwa Mkude, fundi seremala, na kwake vilianza kuondoka vyombo vya kazi. Aliiangalia randa kama mtu anayeangalia mnyama wa nchi nyingine. Kisha wakaondoka majirani, kisha nduguze, kisha siku moja mkewe alipita na ndoo ya maji, na Mkude akamwambia, "Dada, samahani, nakuzibia njia." Mama Semeni aliiweka ndoo chini akaingia ndani, na hakutoka mpaka maji yalipopata vumbi. Aliyebaki alikuwa Semeni peke yake, binti ambaye bado alikuwa akisukwa nywele na mama yake na kulia akivutwa. Akawa hamwachi. Alikula pale kizingitini, akalala pale, akijitaja mara kwa mara kama anayechochea moto usizimike.

"Semeni," alisema baba yake. "Ni wewe, eeh? Una jino lililovunjika. Ulianguka kwenye... kile kirefu cha kupandia. Semeni. Kuna mlango, mwanangu. Nimeshika kitasa lakini kitasa hakina mlango. Nimeshavaa. Nimeshaaga. Hivi nasubiri nini? Kuna neno halijasemwa, sijui neno gani, nikilisikia nitalijua. Nipe maji. Usinipe, sinywi. Kila mnapolia nasikia mtu ananikalia kifuani. Semeni. Semeni. Ni jina zuri. Ni la nani?"

"Ni langu, Baba."

"Enhee. Ni lako."

Mji ulitawaliwa na Kamati ya Huzuni, na mwenyekiti wake alikuwa Kitwana, kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado hazijaamua kuota au kutoota. Hakuwa mtu mbaya. Hilo inabidi lisemwe, maana ni rahisi kumtafuta mbaya katika habari kama hizi, na akipatikana sote tunapumua. Kitwana na wenzake walikuwa watoto wema waliowapenda wazazi wao, na kwa mapenzi hayo waliwahamishia wazee wote Ng'ambo ya bonde, wakapumzike, wasisumbuliwe na kuulizwa maswali. Haikupita muda jua likasimama. Hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili.

Kamati ilipofika kwa Mkude ilisimama uani kwa mstari.

"Poleni sana wafiwa," alisema Kitwana. "Tumesikiliza kilio chenu kutoka barabarani. Bado ni chepesi."

"Mwanangu, tumelia mpaka sauti zimekauka," Mama Semeni alijibu.

"Ndiyo, mama, lakini mzigo wa marehemu haunyanyuki kwa sababu hajaridhika. Anaona hatujamheshimu vya kutosha. Tutawaletea watu wa kuongeza."

Wakaletwa. Walijaa uani, wakalia kwa utaratibu, kwa zamu, na kilio chao kilikuwa cha kweli, machozi ya kweli, kamasi za kweli. Semeni alikuwa ameushika mkono wa baba yake, na akahisi mkono ule ukizidi kuwa mzito kadiri sauti zilivyopanda, mpaka ukamkandamiza vidole chini. Kizingiti kilipasuka chini ya marehemu. Alimtazama baba yake usoni akaona kwamba kule kwenye mabega, pale shati linapogusana na mhimili, nguo ilikuwa imeanza kuwa na mistari ya mbao.

"Mwenyekiti!" alipiga kelele. "Wanyamaze! Zamani watu walikuwa wakizikwaje?"

Watu wakubwa hawapendi kuulizwa kitu ambacho nao wangependa kuuliza.

"Zamani," alisema Kitwana kwa upole, "hapakuwa na heshima. Wazee walikuwa wakicheka msibani. Walikuwa wakimtukana marehemu kaburini kabisa, mbele ya watoto wake. Mtu anavaa koti la maiti, anachechemea anavyochechemea maiti, na watu wanacheka. Sisi tuliyakataza hayo. Katika mji huu hakuna marehemu anayetukanwa."

Semeni alikumbuka. Alikuwa mdogo, amebebwa mgongoni, kwenye msiba wa jirani fulani aliyekuwa mchoyo wa embe zake. Bibi yake, Bibi Mwasiti, mama yake baba, alitokea katikati ya watu amevaa kofia ya marehemu, anatembea kwa fimbo ya marehemu, anapiga kelele, "Nani kaokota embe yangu? Iteme! Iteme!" Semeni aliuficha uso kwenye kitambaa kwa aibu. Lakini akakumbuka na jambo jingine, ambalo hakuwahi kulifikiria kabla ya hapo: jeneza lile liliondoka mabegani mwa watu wachache tu, jepesi, likikaribia kukimbia, na siku ile jua lilizama. Alijua lilizama kwa sababu alirudishwa nyumbani amelala.

Akaunyofoa mkono wake chini ya mkono wa baba yake. "Baba, nakwenda kwa Bibi. Usinisahau."

"Nisimsahau nani?" aliuliza Mkude, na Semeni alianza kukimbia.

Bonde lile halikuwa refu, lakini lilikuwa na tabia ya kumrudishia mtu alichokiacha. Semeni alikuwa hajafika katikati alipoona mkokoteni ukija nyuma yake, ukampita. Juu ya mkokoteni alikuwa ameketi Bibi Mwasiti, mguu juu ya bonge la nguo zake, na aliyekuwa akisukuma kwa nyuma, amefurahi, anahema, alikuwa msichana mwenye jino lililovunjika. Semeni alimjua. Alijua hata kilichokuwa kikimfurahisha: kitanda cha Bibi kilikuwa kimebaki wazi, kitanda kizuri cha kamba, na yule msichana alikuwa ameahidiwa. Alitaka kumwita. Alitaka kumwambia rudi. Lakini utamwambia nini mtoto anayesukuma mzigo wake mwenyewe akidhani ni wa mtu mwingine, na huku ameshaanza kupanga mto ataulaza upande gani? Mkokoteni ulipita, vumbi likatulia, na yeye akaendelea kutembea nyuma ya magurudumu yake mwenyewe. Aliona aibu kubwa, na hapakuwa na kitambaa cha kuificha.

Ng'ambo lilikuwapo banda refu la zamani la kukaushia tumbaku. Wazee walikuwa wameketi humo kwenye mikeka, wametazama ukuta, kimya, maana waliambiwa wapumzike na wao walikuwa watu wa kutii. Harufu ya majani makavu ilikuwa imewaingia kwenye nguo. Kwenye pembe moja tu palikuwa na sauti, sauti ya ugomvi, na Semeni aliifuata akijua ni ya nani.

"Ukilala kwa ubavu, wewe mzee," Bibi Mwasiti alikuwa akisema, "kuku wanatafuta njia ya kutagia ndani ya sikio lako."

"Heri sikio langu," alijibu mzee aliyeketi kando yake, mwembamba, masikio yake kweli si haba. "Paji lako la uso likinyeshewa, mvua inakata tamaa kabla ya kufika kwenye nyusi."

Semeni alisimama akisubiri wapigane. Wakacheka. Walicheka mpaka mzee akaanza kukohoa na Bibi akampigapiga mgongoni, akimtukana kwa kukohoa vibaya.

"Shikamoo, Bibi." Neno lilimkwama kidogo, alikuwa hajalitumia kwa muda mrefu. "Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke mwenzangu," alisema Bibi Mwasiti bila kugeuka, na Semeni akasogea karibu, kwa sababu hivyo ndivyo alivyokuwa akiitwa tangu hajajua kutembea. "Umekuja kunirudishia kitanda, au kimekuuma mgongo?"

"Bibi, Baba amekufa."

Bibi Mwasiti aligeuka. Uso ulimwanguka polepole, kuanzia kwenye macho. Hapakuwa na mtu aliyekuja kumwambia. Mji wote ulilia kwa zamu, na hakuna aliyekumbuka kwamba marehemu alikuwa na mama.

"Mkude," alisema. Kisha tena, "Mkude." Yule mzee akamshika mkono na hakumtania. Walikaa hivyo. Semeni alitaka kusema fanya haraka, lakini kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliogopa kumkatiza mtu mzima.

"Mmemkalisha mlangoni," Bibi alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Mlango wenyewe ule unaokwaruza?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na mnalia."

"Sana. Kamati imeongeza watu."

"Mtoto wangu alikuwa mtiifu tangu anatambaa," alisema Bibi Mwasiti. "Akiambiwa usiende, haendi. Na ninyi mmemzunguka, mchana huu usiokwisha, mnamwambia nini? Usiende, utatuachia nani. Usiende, nyumba imekuwa giza. Basi haendi. Aende vipi? Wanaompenda mtu ndio waliomshika, mjukuu wangu. Hawawezi kumfungua, mikono yao yenyewe ndiyo kamba. Lazima aje mtu mwingine, wa ukoo mwingine, aliyepewa ruhusa na wazee wa wazee, asimame mbele yake amwambie: toka, umetuchosha, na ulikuwa mchoyo, na ulikuwa ukikoroma. Maiti akisikia hivyo anacheka. Akicheka anakuwa mwepesi. Mtu huyo ndiye mtani."

Hapo ndipo Semeni alipolielewa kosa la mji wake, na lilikuwa kosa ambalo wangelifanya watu wa mji ule tu: waliwaheshimu wafu wao mpaka wafu wakashindwa kuondoka. Alijiuliza, akiwa amesimama katika harufu ile ya tumbaku, kama heshima ni kumshika mtu au kumwachia. Alijiuliza mtu anakufa lini hasa, pumzi inapomtoka au pale anapopatikana wa kumcheka bila kumchukia. Na kama ni pale, je, nani anamiliki kifo cha mtu? Si yeye mwenyewe. Si mkewe wala mwanawe. Kimewekwa amana kwa mtu wa ukoo wa mbali, ambaye labda hata hamsalimii vizuri. Kichwa kilimwuma kidogo, maana hayo si mawazo ya binti wa umri wake, lakini katika banda lile umri ulikuwa hewani na mtu aliuvuta bila kutaka.

"Mtani wa Baba ni nani?"

"Sisi ni watu wa Majivu," alisema Bibi. "Mtani wa Majivu ni Umande. Na Umande ndio huyu mwenye masikio, Mzee Tindwa."

"Twende basi, Babu!"

Mzee Tindwa aliinua nguo akamwonyesha miguu yake. Semeni alitazama pembeni.

"Lakini utani ni wa damu," alisema mzee. "Hauketi kitako na babu. Nina mjukuu kule kwenu. Kitwana."

"Mwenyekiti?"

"Ee! Amekuwa mwenyekiti? Na kukojoa kitandani ameacha?"

Semeni alicheka, kicheko kikamponyoka kabla hajakizuia, akaona vibaya kwa sababu baba yake alikuwa akikauka. Akageuka kuondoka.

"Keti kwanza," alisema Bibi Mwasiti. Alifuta vumbi kwa kiganja pale mkekani kando yake, pakawa safi. "Kila mlango wa mji ule una mtu, na kila mtu ana mtani wake. Watu wa Nyuki wana wao. Watu wa Jiwe wana wao, na wako wenye watani wa pande mbili kwa sababu ya ndoa za zamani. Ninyi hamjui, hamkuuliza. Mimi ninayo yote hapa, na hawa wengine wananisahihisha nikikosea. Keti nikupe."

"Bibi, Baba amebakiwa na jina moja. Nitarudi kesho."

Bibi Mwasiti na Mzee Tindwa walitazamana.

"Kesho," alisema Bibi, akilionja neno. "Sikiliza, mke mwenzangu. Mkude akizikwa, jua litatembea. Likitembea, na sisi ambao siku zetu zilikwisha kitambo tukasimama nalo, tutatembea. Unanielewa?"

"Ndiyo, Bibi," alisema Semeni, ile ndiyo ya mtoto ambaye mguu wake umeshatoka nje.

Bibi aliuona mguu huo. Angeweza kumzuia. Angeweza kulikana jina la Kitwana hata sasa, akabaki na alasiri yake na rafiki yake wa kutukanana. "Haya, nenda," alisema. "Mwanangu amesubiri vya kutosha. Nafasi yako nitaiweka hapa."

Semeni alirudi akikimbia, na bonde safari hii halikumwonyesha kitu. Alipofika uani, waliaji walikuwa kwenye zamu, na baba yake alikuwa ameingia kwenye mhimili mpaka kifuani.

"Baba, ni mimi!"

"Se..." alisema Mkude. Akatafuta. "Se..."

Semeni akamrukia Kitwana, akamshika shati mbele ya kamati nzima. "Njoo umtanie baba yangu. Wewe ni Umande. Babu yako Tindwa kasema."

"Binti, una huzuni, pumzika."

"Mtukane!"

"Mimi? Nimtukane marehemu, mbele ya watu? Mimi ndiye niliyekataza!" Kitwana alimwinamia, na sauti yake ikashuka. "Mama yangu yuko mlangoni kwangu, Semeni. Sijawahi kumwinulia sauti hata mara moja. Nimemheshimu. Ukisema njia ilikuwa hiyo, basi mimi nimemfanya nini mama yangu?"

Semeni alisema kitu pekee alichokuwa nacho. "Babu yako anauliza kama umeacha kukojoa kitandani."

Mtu mmoja kwenye zamu ya kilio aliguna. Ilikuwa ni guno la kicheko kilichobanwa, na kila mtu alikisikia. Kitwana aligeuka mwekundu machoni. Alisogea mbele ya Mkude, akajiweka sawa, akakohoa.

"Marehemu," alianza, "katika uhai wake, alikuwa na mapungufu kadhaa ya kikazi."

Hakuna kitu. Marehemu alimtazama jinsi mtu anavyotazama mvua ya nchi ya mbali. Kitwana akapiga hatua, bega lake likagusa ubao wa mlango, na mlango ukasogea, ukakwaruza sakafu kwa sauti ile ambayo mtaa mzima ulikuwa umeivumilia tangu Mkude alipoutundika. Kitwana aliruka. Na ndipo kitu kilipomtoka, si kichwani, mahali pengine pa chini na pa zamani zaidi.

"Sasa fundi gani huyu?" alipiga kelele. "Fundi gani? Ametengeneza milango ya mji mzima, wake unalia kama mbuzi! Mkude! Meza uliyomtengenezea mama yangu, uji ulikuwa ukimiminika upande mmoja, tukawa tunakula tumejipanga kwenye mteremko!" Akainyakua kofia ya marehemu kwenye msumari, akaivaa, akaanza kutembea huku amefumba jicho moja, anapima hewa kwa kidole gumba, vile Mkude alivyokuwa akipima kila kitu na kukosea. "Imenyooka! Imenyooka kabisa, ni nyumba yenu ndiyo imepinda! Toka, Mkude, umetuzibia njia! Kaburi tumechimba wenyewe, maana ungechimba wewe lingekuwa na kona!"

Mama Semeni alipiga ukelele wa kukataa. Ukelele ukavunjika katikati, na kilichotoka upande wa pili kilikuwa kicheko, kicheko kibaya cha mtu ambaye ameolewa na ubao uliopinda miaka yote na hakuwahi kuruhusiwa kusema. Wakafuata wengine. Walicheka huku wamejishika midomo, huku wanalia, wasijue ni kipi.

Mkude aliinua kichwa. Mbao zikamwachia mabega, taratibu.

"Enhee," alisema. "Ndilo hilo. Nilikuwa nikilingoja hilo." Akacheka mpaka vumbi la randa likamtoka kwenye nyusi. Aliwatazama wote kwa wema, akamfikia Semeni. "Na huyu binti anayecheka vizuri hivi, ni wa nani?"

Jina lilimjaa Semeni mdomoni. Angelisema, na baba yake angelishika, na angebaki. Aliujua uzito wake, vidole vyake bado vilikuwa vimevimba.

"Mpita njia tu, Baba," alisema.

"Asante kwa kupita," alisema Mkude, akajilaza mwenyewe kwenye jeneza.

Liliondoka jepesi. Liliwavuta wabebaji badala ya kubebwa. Kaburi lilipofukiwa, Semeni alisikia joto likimtoka upande mmoja wa uso, akainua macho: vivuli vilikuwa vikitambaa. Jua lilishuka kama mtu mwenye safari. Watoto waliozaliwa katika alasiri ile walipiga kelele wakidhani dunia inazimika, na mama zao nao hawakukumbuka vizuri la kuwaambia.

Kisha wakamjia wote pamoja.

"Semeni, mama yangu anajua bado majina mawili! Sisi ni watu wa Nyuki, mtani wetu nani?"

"Na sisi, Semeni? Sisi wa Mtama?"

Kitwana aliwapenya watu, kofia ya marehemu ikiwa bado kichwani. "Mama yangu alizaliwa mtu wa Jiwe. Amebakiwa na jina langu tu. Nani anamtania mtu wa Jiwe? Uliuliza? Semeni, uliuliza, sivyo?"

Semeni alifungua mdomo. Kulikuwa na jibu moja humo, na lilikuwa limeshatumika. Ndipo alipomsikia Bibi yake, sasa, kwa masikio yote mawili, maneno ambayo alikuwa ameyaitikia ndiyo. Jua likitembea, na sisi tutatembea.

Alikimbia. Kwenye bonde giza lilikuwa linajikusanya. Bandani hapakuwa na sauti hata kwenye ile pembe. Wazee walikuwa wameegemeana, ukuta kwa ukuta, kila mmoja amekwenda na alichokuwa nacho. Mzee Tindwa alikuwa ameinamisha sikio lake kubwa upande wa Bibi, na Bibi Mwasiti alikuwa amefumba macho, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyefika katikati ya sentensi. Kiganja chake kilikuwa juu ya mkeka, pale palipofutwa vumbi. Alikuwa ameilinda nafasi ile mpaka mwisho.

Semeni akaketi. Sasa hakuwa na haraka.

Machozi yalimjaa, akayang'ata. Alijua sasa kilio kinafanya nini. Akasikia hatua nyuma yake na Kitwana akaingia anahema, akaona, akaona babu yake, akapiga magoti, uso ukaanza kukunjamana.

"Usilie," Semeni alimwambia. "Bibi yangu ni Majivu, nawe ni Umande. Hiyo moja tunaijua."

"Na mama yangu?" alinong'ona Kitwana. "Na hawa wengine wote?"

Nje, upande wa mjini, watu walikuwa wakiitana kutoka mlango hadi mlango, wakiuliza, na hakuna sauti iliyorudi na jibu. Semeni akakiinua kiganja cha Bibi yake kutoka mkekani akakiweka mapajani mwake, kizito sana, akamgeukia Kitwana.

"Anza na paji la uso," alisema.